Haba ya Mwisho Haina Hatia: Selimundu, Fizikia ya Takwimu na Lawama Tunazowabebesha Wagonjwa

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado katika masomo ya ubingwa wa magonjwa ya damu, nilimpokea wodini binti wa miaka 11 mwenye selimundu. Alikuwa ameshikwa na maumivu ya mapaja na mgongo tangu usiku wa manane, na kila alipoguswa alijikunja. Nilimgeukia mama yake na kumuuliza swali nililokuwa nimelisikia kwa wakubwa wangu wa kazi na kulirudia mara nyingi bila kulitafakari: "Mama, safari hii mmefanya nini?"

Mama hakunijibu. Alifungua mkoba wake, akatoa daftari la shule, akanikabidhi kwa mikono miwili. Humo alikuwa ameandika, siku baada ya siku kwa muda wa miezi minne, kila jambo tulilomwelekeza: idadi ya glasi za maji, vidonge, sweta la jioni, chandarua, na joto la mwili kila alipohisi kuwa mtoto ana homa. Nilisoma nikitafuta kosa. Nilisoma siku tatu zilizotangulia maumivu yale, kisha nikazilinganisha na siku kama hizo za mwezi uliopita, ambapo mtoto alikuwa mzima na alikwenda shule. Sikuona tofauti yoyote.

"Daktari," mama aliniambia kwa sauti ya chini, "nimefanya yote mliyosema. Sasa niambie wewe, kosa langu ni lipi?"

Sikuwa na jibu. Nilimpa binti dawa ya maumivu, nikaagiza dripu, na katika faili nikaandika kwamba kichocheo cha shambulio hakikujulikana. Makala haya ni jibu nililochelewa kumpa.

Hoja yangu ni hii. Swali la "umefanya nini?" limebeba dhana mbili ambazo hatuzisemi: kwamba tukio kubwa lazima litokane na sababu kubwa, na kwamba sababu hiyo imo katika mwenendo wa mgonjwa. Kwa ugonjwa wa selimundu dhana zote mbili zinapotosha. Zaidi ya hayo, zinamfanya mgonjwa aone aibu, aufiche ugonjwa, achelewe kuja hospitali, na kwa kuchelewa huko azidi kuumia. Tawi la elimu lililonisaidia kuliona kosa hili halikuwa la tiba. Ni fizikia ya takwimu, elimu inayochunguza namna vitu vingi sana, kila kimoja kikifuata kanuni ndogo na rahisi, vinavyozaa kwa pamoja tabia ambayo hakuna kimoja kilicho nayo peke yake.

Wasomaji wasiokuwa wanafizikia wasiogope. Tunaifahamu elimu hii kwa macho, hata kama hatulifahamu jina lake. Molekuli moja ya maji haichemki wala haigandi. Kuchemka na kuganda ni mambo ya molekuli nyingi zikiwa pamoja. Tena maji hayageuki mvuke kidogo kidogo kwa kadiri ya moto unaoongezwa. Sufuria ikiwa kwenye nyuzi joto 60, ukaongeza nyuzi tano, huoni jipya. Ikiwa kwenye nyuzi 95 hapa pwani, nyuzi tano zile zile hugeuza kila kitu. Tofauti haiko katika ukubwa wa nyongeza. Iko katika umbali uliobaki hadi kizingiti.

Mfano wa pili unamhusu kila anayesafiri asubuhi jijini Dar es Salaam. Unakaa katika foleni kwa dakika arobaini, ukiamini kwamba mbele kuna ajali. Foleni inafunguka, unapita mahali pale, na huoni gari lililogongwa wala askari. Mwaka 2008 watafiti wa Japani, wakiongozwa na Yuki Sugiyama, walichapisha jaribio lililoonyesha jambo hilo waziwazi. Waliweka magari 22 katika njia ya duara yenye mzunguko wa mita 230, wakawaagiza madereva wote waende kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa. Hapakuwa na taa za barabarani, makutano wala shimo. Mwanzoni magari yalikwenda sawa. Kisha tofauti ndogo za mwendo zikaanza kukua, na punde baadhi ya magari yakawa yamesimama kabisa, huku foleni ikirudi nyuma kama wimbi. Dereva aliyekanyaga breki kidogo hakufanya kosa; madereva hukanyaga breki kila siku. Barabara ikiwa na nafasi, breki hiyo hupotea bila athari. Msongamano ukishavuka kizingiti, breki hiyo hiyo huzaa foleni. Anayemtafuta dereva mwenye hatia anauliza swali lisilo na jibu.

Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa kawaida tunaitumia methali hiyo kuhimiza akiba. Lakini ina fundisho lingine pia: kibaba kinapofurika, haba ya mwisho haikuwa kubwa kuliko zilizoitangulia. Kuilaumu haba ya mwisho ni kusahau kibaba kizima.

Sasa tuingie ndani ya seli ya damu. Mwaka 1910, jijini Chicago, daktari James Herrick alichapisha maelezo ya damu ya kijana mmoja mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada, ambaye seli zake nyekundu zilikuwa zimepinda mfano wa mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa inatofautiana na ya watu wengine, wakauita ugonjwa huu ugonjwa wa molekuli. Miaka michache baadaye Vernon Ingram alibainisha tofauti yenyewe: katika mnyororo wa beta wa himoglobini, asidi ya glutamiki katika nafasi ya sita imebadilishwa na valini. Ni kiungo kimoja tu katika mnyororo wenye viungo 146.

Badiliko hilo dogo huifanya molekuli iwe na sehemu inayonata. Himoglobini ya selimundu inapokuwa imebeba oksijeni, haina shida. Inapoachia oksijeni, molekuli huanza kushikamana na kujenga nyuzi ndefu na ngumu, na nyuzi hizo ndizo zinazoikunja seli na kuifanya ishindwe kupenya katika mishipa myembamba. Kumbuka kwamba seli moja nyekundu ina takriban molekuli milioni 270 za himoglobini, zikiwa zimesongamana kuliko abiria wa daladala ya jioni: karibu gramu 33 katika kila desilita ya ujazo wa seli. Himoglobini ya selimundu isiyo na oksijeni, katika joto la mwili, haihitaji msongamano wote huo ili ijenge nyuzi. Takriban nusu yake inatosha.

Hapa kuna jambo la kushangaza. Kama ndivyo, mgonjwa mwenye vinasaba viwili vya selimundu amevuka kizingiti kila siku ya maisha yake, kwa kuwa kila seli yake inapofika kwenye tishu na kuachia oksijeni huwa na msongamano wa kutosha kujenga nyuzi. Kwa nini basi haumwi kila dakika?

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1974, wakati James Hofrichter, Philip Ross na William Eaton, katika taasisi za taifa za afya za Marekani zilizoko Bethesda, walipopima muda ambao himoglobini hiyo huchukua kabla ya kujenga nyuzi. Waligundua kwamba kuna kipindi cha kusubiri ambapo hakuna kinachoonekana kutokea. Kisha, ghafla, nyuzi hujengeka kwa kasi kubwa. Sababu ni kwamba molekuli chache zinapokutana, mara nyingi huachana tena. Ni lazima kikundi kidogo kipate bahati ya kukua hadi kiwe kiini imara, na kiini kikishasimama, molekuli nyingine hujipanga juu yake haraka. Tena nyuzi zilizokwisha kujengwa huzalisha viini vipya juu yake zenyewe, na ndiyo maana mwendo hugeuka kuwa mbio. Anayejua jinsi asali inavyokaa chupani kwa majuma ikiwa laini, kisha ikaanza kuganda kwa chembechembe, ameliona jambo la jamii hiyo hiyo.

Lililowashangaza zaidi watafiti hao ni jinsi muda huo wa kusubiri unavyotegemea msongamano. Katika mambo mengi ya kila siku, ukiongeza kitu kwa asilimia 5 unatarajia athari ya asilimia 5. Hapa sivyo. Muda wa kusubiri hupungua kwa kipeo cha 15 hadi 30 cha msongamano. Kwa lugha nyepesi: msongamano wa himoglobini ndani ya seli ukiongezeka kwa asilimia 5 tu, muda wa kusubiri hupungua hadi nusu, au hata chini ya robo. Ukiongezeka kwa asilimia 10, muda huo hupungua mara 4 hadi mara 17. Ni vigumu kutaja jambo jingine katika kemia ya mwili linalojibu badiliko dogo kwa ukali kiasi hicho.

Sasa linganisha muda huo na muda mwingine, ule wa safari ya seli. Seli nyekundu hupita katika mshipa mwembamba kabisa kwa takriban sekunde moja, kisha katika sekunde chache zinazofuata hurudi mapafuni, ikapata oksijeni, na hatari ikaondoka. Mwaka 1987 Andrea Mozzarelli, Hofrichter na Eaton walionyesha kwamba hiki ndicho kinachowaokoa wagonjwa: seli nyingi hurejea mapafuni kabla nyuzi hazijapata nafasi ya kujengeka. Maisha ya mgonjwa wa selimundu ni mashindano ya nyakati mbili, muda wa nyuzi kuanza na muda wa seli kupita. Muda wa kwanza ukiwa mrefu kuliko wa pili, mtoto anacheza. Nyakati hizo zikikaribiana, tuko ukingoni.

Kwa mtazamo huu maagizo yetu ya kliniki yanapata maana. Maji hupunguza msongamano ndani ya seli na kurefusha muda wa kusubiri. Homa huharakisha kujengeka kwa nyuzi na wakati huo huo huunyang'anya mwili maji. Baridi haiharakishi nyuzi. Hukaza mishipa, hivyo safari ya seli huwa ndefu. Maambukizi huzifanya kuta za mishipa zinate, na seli hukwama njiani. Kazi nzito na sehemu za mwinuko mkubwa huifanya damu ipoteze oksijeni zaidi. Kila jambo kati ya haya, peke yake, linaweza kuwa dogo kiasi kwamba daftari haliwezi kulinasa. Lakini mambo hayajumlishwi kama matofali yanayopangwa moja juu ya jingine. Yanazidishana.

Kuna jambo la pili ambalo daftari la mama haliwezi kulinasa, nalo ni nasibu. Kiini cha kwanza cha nyuzi hutokea kwa bahati. Chukua seli mbili zenye msongamano sawa na joto sawa. Moja itaanza mapema na nyingine itachelewa, kama watu wawili wanaorusha dadu wakingoja sita. Na seli moja iliyokakamaa mahali pembamba huzuia zilizo nyuma yake. Hizo nazo hukaa pale muda mrefu, hupoteza oksijeni, hukakamaa. Ni foleni ile ile ya magari, isipokuwa hii iko ndani ya mfupa, na mfupa unalia.

Lazima niwe mkweli kwamba picha kamili ni pana kuliko nilivyoichora. Seli nyeupe, chembe sahani, kuta za mishipa na uvimbe wa ndani vyote vinashiriki, na kila kimoja hukisukuma kingine. Ndiyo maana tunauita mwili mfumo changamani. Lakini upana huo hauidhoofishi hoja yangu, unaiimarisha. Kadiri washiriki wanavyokuwa wengi na wanavyoathiriana, ndivyo inavyozidi kuwa makosa kumnyooshea kidole mmoja, hasa akiwa mtoto aliyesahau sweta.

Nini basi kifuate? Napendekeza mambo manne, kwa sisi watoa huduma na kwa wagonjwa na familia zao.

La kwanza ni kubadilisha swali. Tunapompokea mgonjwa mwenye maumivu, tuanze na "Pole sana", kisha tuulize: "Maumivu yameanza lini, yako wapi, na umeshatumia dawa gani?" Baada ya hapo tutafute kwa utaratibu vichocheo vinavyotibika: homa, malaria, maambukizi ya kifua, upungufu wa maji. Kutafuta kichocheo ni kazi ya tiba na sharti tuifanye. Kutafuta mkosaji si kazi yetu. Tofauti ya maneno ni ndogo. Tofauti yake masikioni mwa mama aliyekesha ni kubwa.

La pili ni kuyaamini maumivu. Nimewasikia wenzangu wakisema, "Himoglobini yake ni 7 kama kawaida yake, kwa nini analia hivi?" Kipimo cha himoglobini ni wastani wa damu nzima. Foleni iliyoziba mtaa mmoja haionekani katika wastani wa mwendo wa magari wa jiji zima, na walioko katika mtaa huo hawawezi kwenda popote. Hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kumthibitishia daktari kwamba mgonjwa huyu haumwi. Miongozo ya Chama cha Hematolojia cha Marekani ya mwaka 2020 inapendekeza mgonjwa mwenye shambulio la maumivu apewe dawa ya kutuliza ndani ya saa moja tangu afike. Katika wodi zetu, ni mara ngapi saa hiyo huishia katika mahojiano?

La tatu ni kutodharau mambo madogo, na wakati huo huo kutoyageuza kuwa mahakama. Baadhi ya wasomaji watasema: "Ukiwaambia wagonjwa kwamba shambulio linaweza kuja kwa bahati tu, wataacha kunywa maji na kuvaa sweta." Pingamizi hili lina uzito na nimelifikiria sana. Lakini nasibu si sawa na kutokuwa na uwezo. Dadu linaweza kuongezwa nyuso. Mtu anayerusha dadu lenye nyuso sita hupata sita mara nyingi kuliko anayerusha lenye nyuso 60. Kila glasi ya maji, kila homa inayotibiwa mapema, kila usiku chini ya chandarua huongeza uso katika dadu la mtoto. Na kwa kuwa karibu na kizingiti athari za mambo madogo huzidishana, jitihada ndogo hulipa zaidi ya ukubwa wake. Daftari la mama yule halikuwa kazi bure. Hatuwezi kuyaona mashambulio ambayo hayakutokea; yaliyozuiliwa hayaandikwi popote. Ninachomwomba mgonjwa ni kwamba aendelee na kinga kwa sababu inapunguza uwezekano wa shambulio, na shambulio linapokuja licha ya yote, asijihesabu kuwa amefeli.

La nne, nalo kwangu ni kubwa kuliko yote, ni kukisogeza kizingiti chenyewe. Maji na sweta humweka mgonjwa mbali kidogo na ukingo. Ipo njia ya kuuhamisha ukingo. Asili ndiyo iliyotufundisha. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akiwa na kiasi kikubwa cha himoglobini ya tumboni, ile tunayoiita himoglobini F, na kwa miezi yake ya mwanzo haumwi; dalili huanza kadiri himoglobini hiyo inavyopungua, kwa kawaida baada ya miezi sita hivi. Daktari Janet Watson wa Marekani alilihusisha jambo hilo na himoglobini hiyo mwaka 1948. Leo tunajua kwa nini: himoglobini F haiingii katika nyuzi. Hukaa katikati ya nyingine kama abiria asiyeshikana mikono na mtu, na kwa kuwapo kwake tu hurefusha muda wa kusubiri. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu mwenye kinasaba kimoja tu cha selimundu. Himoglobini ya selimundu ndani ya seli zake ni chini ya nusu, na kwa kawaida haumwi kabisa. Hana nusu ya ugonjwa. Yuko upande mwingine wa kizingiti.

Dawa ya haidroksiyurea huuamsha mwili utengeneze tena himoglobini F, na huzifanya seli nyekundu ziwe kubwa zaidi. Aidha hupunguza seli nyeupe zinazochangia kuziba mishipa. Mwaka 1995 matokeo ya utafiti wa watu wazima 299 nchini Marekani na Kanada yalionyesha kwamba kiwango cha kati (median) cha mashambulio kilikuwa 2.5 kwa mwaka kwa waliotumia dawa, na 4.5 kwa wasioitumia. Kwa muda mrefu swali lilikuwa kama dawa hii ingefaa pia katika mazingira yetu yenye malaria na utapiamlo. Jibu lilitolewa na utafiti uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, na kuchapishwa mwaka 2019, ambapo watoto 606 walianza kutumia dawa hiyo. Kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji ikijumlishwa kwa watoto wote, mashambulio ya maumivu yalikuwa 98.3 kabla ya dawa na 44.6 wakati wa dawa. Malaria ilipungua kutoka 46.9 hadi 22.9. Vifo vilipungua kutoka 3.6 hadi 1.1.

Tazama takwimu hizo kwa jicho la kizingiti. Dawa haikuondoa himoglobini ya selimundu. Nyingi ilibaki pale pale. Ilibadilisha uwiano kwa kiasi, na matokeo yakabadilika kwa kiwango ambacho uwiano peke yake usingetufanya tutarajie. Ndiyo maana siungi mkono desturi ya kungoja mtoto apate mashambulio mengi ndipo tuanze kumfikiria kwa dawa hii. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayesubiri foleni ndipo apanue barabara amechelewa, na kiharusi cha mtoto au bandama iliyokwisha kuharibika havirudishwi kwa dripu. Dawa hii inahitaji usimamizi wa daktari, vipimo vya damu vya mara kwa mara, na ushauri maalumu kwa wanaotarajia kupata mtoto. Hayo ni masharti ya kuitumia vizuri, wala si sababu ya kuiogopa. Familia zinazokuja kliniki yangu kutoka wilaya za mbali huniambia kwamba huko haipatikani, au inapatikana kwa bei inayoshindana na chakula cha nyumbani. Hapo ndipo maneno "umefanya nini?" yanapostahili kuelekezwa: kwetu sisi, kwa wapangaji wa bajeti ya dawa, kwa wanaoamua iwapo kila mtoto anayezaliwa atapimwa selimundu kabla hajaondoka wodi ya wazazi.

Wapo wenzangu watakaouliza fizikia inatafuta nini wodini. Mgonjwa, watasema, si chombo cha maabara. Nakubali kabisa. Sijawahi kumpa mgonjwa mlinganyo wa hesabu, wala sitarajii muuguzi wa zamu ya usiku akumbuke kipeo cha 15. Lakini kila mmoja wetu huingia wodini akiwa na picha fulani ya namna ugonjwa unavyofanya kazi, hata kama hajaitaja. Tuliyo nayo sasa ni ya mizani ya duka: kosa kubwa upande huu, maumivu makubwa upande ule. Picha hiyo si sahihi kwa selimundu, na ndiyo inayozaa lawama. Tukiibadilisha kwa picha ya kizingiti, upole hautakuwa tena suala la tabia njema ya daktari peke yake. Utakuwa sehemu ya kuuelewa ugonjwa.

Kwa wagonjwa na wazazi naongeza neno moja la tahadhari. Kusema kwamba huna hatia si kusema kwamba ungoje. Njoo hospitali upesi unapoona homa, kifua kubana au kupumua kwa shida, udhaifu wa ghafla wa mkono, mguu au upande wa uso, kupauka kwa ghafla, au tumbo la mtoto kuvimba upande wa kushoto chini ya mbavu. Pia njoo maumivu yanapozidi dawa ulizopewa nyumbani. Usiogope kuulizwa. Na ukiulizwa kwa namna inayokuumiza, una haki ya kujibu: nimefanya yote ninayoweza, naomba msaada.

Binti yule alirudi kliniki baada ya mwezi mmoja, akitembea mwenyewe. Mama yake alikuja na daftari jipya. Nilimwomba anisamehe kwa swali langu, akacheka kidogo na kusema, "Hata mimi mwenyewe huwa najiuliza, daktari. Kila usiku." Sentensi hiyo ndiyo iliyonifundisha ukubwa wa jambo hili. Lawama haikuwa imeanzia kwangu. Mimi niliigonga muhuri tu. Kama makala haya yatamfanya mama mmoja alale usiku mmoja bila kujihukumu, na muuguzi mmoja aanze na "pole" kabla ya swali, yatakuwa yamefanya kazi yake.